Nguvu Iliyopotea Njia Chemba

Watoto wa darasa la saba wa Wilaya ya Chemba walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mara mbili mwaka 2018. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 5 na 6 Septemba, pamoja na wenzao wa nchi nzima. Mara ya pili ilikuwa Oktoba, baada ya Baraza la Mitihani la Tanzania kufuta matokeo ya shule zote za msingi za halmashauri hiyo, kuanzia vijiji vya kandokando ya lami ya Dodoma kwenda Kondoa hadi huko ndani, Farkwa na Kwa Mtoro kwa Wasandawe.

Katibu Mtendaji wa Baraza wakati huo, Dk. Charles Msonde, alipotangaza uamuzi huo tarehe 2 Oktoba, alitaja pia shule kadhaa za Dar es Salaam na Mwanza, na moja ya Kondoa. Lakini Chemba ndiyo iliyofutiwa halmashauri nzima, na sababu iliyotolewa ndiyo inayonifanya niandike. Kwa maelezo ya Baraza, viongozi wa elimu wa ngazi ya kata na walimu wakuu walikuwa wameunda kundi la WhatsApp, na humo ndimo mtihani ulimosambazwa. Tangu mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba husahihishwa kwa mashine, na sehemu kubwa ya majibu ni herufi ya kuchagua. Majibu ya somo zima yanaenea katika ujumbe mmoja wa simu.

Habari ile ilisomwa kama habari ya wizi. Ilikuwa wizi, sikatai. Hata hivyo kila ninapoirudia naiona zaidi kuwa habari ya uongozi wa shule, na naamini kila mwalimu anayekabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu angepaswa kuisikia kabla hajapewa mhuri.

Anayezungumzia kuinua shule za msingi za mkoa wa Dodoma hakosi kukutana na kilio kimoja: mwalimu mkuu hana mamlaka. Haajiri, hafukuzi, hapandishi cheo. Fedha anayoishika ni ndogo. Katika utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016, kila mwanafunzi wa shule ya msingi alikadiriwa Sh 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo Sh 4,000 zikabakizwa juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 600 basi hupokea kama Sh 300,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, bawaba za milango na nauli za kwenda halmashauri. Walimu hawatoshi, nyumba za walimu hazitoshi, na Machi, kabla ya mtama na uwele kukomaa, nyumba nyingi za Ugogo zina njaa. Mwalimu mkuu wa namna hii utamdai nini?

Kilio hicho kina ukweli, ila Chemba imetuonyesha upande wa pili. Walimu wakuu wa wilaya moja, waliotawanyika katika nchi kavu na pana, waliweza kukubaliana jambo, kupeana kazi, kutunza siri na kulifikisha hadi kwenye dawati la mtoto. Hakuna mfadhili aliyewalipia semina ya jambo hilo. Waliitwa, wakaitikia, nao wakawaita wengine, nao wakaitikia. Sisemi kila mwalimu mkuu wa Chemba alikuwa na unga mikononi. Wapo waliokuwa safi, na hukumu ya kufutiwa wote iliwaangukia wao na watoto wao vilevile. Ninachosema ni kwamba baada ya Septemba ile hatuwezi tena kudai kuwa neno la mwalimu mkuu halina nguvu ya kutembea. Lilitembea. Likaenda lilikotumwa, na swali linalobaki ni kwa nini halitumwi darasa la kwanza.

Ili kulijibu inabidi turudi nyuma miaka sita. Ufaulu wa darasa la saba mwaka 2012 ulianguka hadi asilimia 31 hivi. Mwaka uliofuata Serikali ikaja na Matokeo Makubwa Sasa, mpango uliofuata mfano wa Malaysia, na elimu ikawa moja ya sekta zake. Malengo yaliandikwa kwa tarakimu: ufaulu ufike asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Shule zikapangwa kwa rangi, kijani, njano na nyekundu, na nafasi ya kila shule katika wilaya yake ikatangazwa hadharani. Katika mpango huohuo kulikuwa na mambo mema: mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa walimu wa madarasa ya chini, na kitabu kilichoandaliwa mahsusi kwa wakuu wa shule za msingi, Kiongozi cha Mwalimu Mkuu, kinachoeleza namna ya kusimamia ufundishaji. Lakini kitabu hakimtishi mtu. Rangi nyekundu humtisha.

Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walifuatilia nini kilizipata shule zilizoshika mkia katika wilaya zao baada ya upangaji huo, na mwaka 2021 wakachapisha walichokiona. Ufaulu wa shule hizo ulipanda. Na idadi ya watoto waliokaa kwenye mtihani ikapungua. Kwa maneno mengine, sehemu ya maendeleo yale ilipatikana kwa kumwondoa mtoto mzito kwenye hesabu. Hakuna waraka ulioagiza hivyo. Agizo lilikuwa pandisheni ufaulu, na aliyeko chini kabisa akatafuta njia iliyo karibu naye.

Hapo ndipo barabara ya kwenda Chemba inapoanzia. Mwalimu mkuu anayemsukuma mtoto asiyejua kusoma abaki nyumbani siku ya mtihani, na mwalimu mkuu anayefungua ujumbe wenye majibu usiku wa kuamkia mtihani, wanatofautiana mbele ya sheria, lakini wamekwisha kubaliana juu ya kazi yao ni nini. Wote wawili wanaamini kwamba kazi ya shule ni kutoa tarakimu kwa walio juu. Mwalimu mkuu akishafika hapo, kila kilichobaki ni suala la ujasiri wake na nafasi aliyoipata.

Nawaonea huruma, na sitaificha. Ngazi ya elimu yetu ni ndefu. Mkoa unaibana wilaya, wilaya inaibana kata, kata inambana mwalimu mkuu katika kikao cha tathmini ambapo majina ya shule za mwisho husomwa kwa sauti. Mara ngapi tumesikia mwalimu mkuu akivuliwa madaraka mbele ya mkutano wa hadhara kwa sababu ya ufaulu wa mwaka mmoja, bila mtu kuuliza ana walimu wangapi au darasa lake la pili lina watoto wangapi? Aliyeshuhudia mwenzake akidhalilishwa hivyo hatangoja miaka mitano ya kujenga usomaji. Atataka kitu cha Septemba hii.

Basi fedha yake, muda wake na walimu wake wazuri huenda darasa la saba. Makambi, vipindi vya alfajiri, mitihani ya ujirani mwema kila mwezi, mazoezi ya kusiliba herufi. Darasa la kwanza na la pili hupewa mwalimu aliyebaki, au anayekaribia kustaafu, au aliyeripoti jana, naye hukutana na watoto mia na zaidi wanaozungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe nyumbani na wengi wao ndiyo kwanza wanakisikia Kiswahili cha darasani. Mtoto hupotea hapo, mwaka wa pili wa shule, kimyakimya, kisha tunakwenda kumtafuta darasa la saba kwa tochi na kambi. Ni sawa na kupalilia mtama uliokwisha kutoa masuke.

Yupo pia anayesema dawa ni fedha. Kati ya mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, katika jaribio la KiuFunza lililohusisha shule 350 za wilaya 10, lilizipa baadhi ya shule ruzuku kamili ya Sh 10,000 kwa kila mtoto, ikaingia moja kwa moja shuleni. Vitabu vikanunuliwa, vifaa vikanunuliwa, na walipopimwa watoto hao hawakuwazidi wenzao waliokosa ruzuku. Tofauti kubwa ilionekana katika shule zilizopewa ruzuku na, pamoja nayo, motisha kwa walimu kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma na kuhesabu katika madarasa ya kwanza hadi ya tatu, mwalimu mkuu naye akipata fungu lake. Ninachokichukua katika matokeo yale ni kidogo kuliko wanachokichukua wachumi: kitabu kilichonunuliwa hakijifundishi. Kati ya kabati na mtoto lazima awepo mtu anayetaka kitabu kile kifunguliwe leo, saa tatu asubuhi.

Tuje kwenye saa tatu asubuhi, maana hapo ndipo uongozi wa shule unapoishi. Mwaka 2010 ulifanyika utafiti wa kupima huduma katika shule za msingi za Tanzania, kwa ziara za kushtukiza, Benki ya Dunia ikishiriki. Asilimia 23 ya walimu hawakuwapo shuleni. Asilimia 53 hawakuwapo darasani. Ratiba ilimwahidi mtoto saa 5 na dakika 12 za kufundishwa kwa siku. Alipata saa 2 na dakika 4. Uliporudiwa mwaka 2014, utoro wa kutofika shuleni ulikuwa umepungua, lakini karibu nusu ya walimu bado hawakukutwa wakifundisha.

Itazame vizuri ile tofauti kati ya 23 na 53. Ni walimu waliokwisha fika shuleni. Wamesaini daftari la mahudhurio. Wako chini ya mwarobaini, wako ofisini wakijaza takwimu zilizotakiwa na halmashauri kabla ya saa sita, wako kwenye kikao kisicho na ajenda, au wanangoja mwenzao amalize kipindi ambacho naye hajaenda kukianza. Serikali haiwezi kuwaingiza darasani kutoka ofisi zake za Mtumba. Mthibiti ubora atapita mara moja baada ya muda mrefu. Mwenyekiti wa kamati ya shule yuko shambani. Mtu mmoja tu anaweza kuufunga mwanya huo, na anaufunga kwa miguu yake: kengele ya kipindi cha pili ikilia, anatoka ofisini na kuzunguka. Halipwi zaidi kwa kuzunguka, na hahitaji kibali cha mtu.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili likitamkwa haraka huonekana dogo. Kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mwenzako, dakika arobaini, daftari mkononi, na baadaye kuzungumza naye kwa heshima juu ya mtoto wa dawati la tatu asiyeifuata aya, ni kazi ngumu kuliko kukagua andalio la somo mezani na kuligonga mhuri. Inadai mwalimu mkuu awe bado anafundisha. Inadai avumilie kuchukiwa kwa muda. Inadai mwalimu mkongwe aliyemfundisha yeye mwenyewe utotoni akubali kuambiwa, "Shikamoo mwalimu, naomba nikae darasani kwako leo." Taifa linao utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, ambapo walimu wa shule moja hukutana wakatafakari masomo yao. Mwalimu mkuu akihudhuria vikao hivyo na kuuliza swali la kweli, utaratibu unaishi. Asipohudhuria, unabaki karatasi ya kusainiwa.

Na mkoa wa Dodoma haukukosa misaada ya kujifunzia kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2014 ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza hadi mwaka 2020: mafunzo ya walimu wa madarasa ya chini, madarasa ya utayari kwa watoto ambao hawajawahi kukaa shuleni, umoja wa wazazi na walimu, vishikwambi vya kuwekea taarifa za shule. Mwaka 2022 ukaja mpango wa Shule Bora, na Dodoma ikawamo tena. Angalieni tarehe. Mtihani wa Chemba ulivuja mwaka 2018, katikati ya mpango wa kwanza. Siwalaumu waliouendesha. Nasema tu kwamba vishikwambi, mabango na mafunzo vilikuwa vimekwisha fika mkoani humu, na bado, ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, swali la kazi yangu ni nini lilikuwa limejibiwa vibaya.

Ni nani alipaswa kumsaidia kulijibu vizuri? Njia ya kawaida ya kuwa mwalimu mkuu ni hii: ulikuwa unafundisha vizuri, au ulikuwa mtiifu, Mkurugenzi akakuandikia barua. Jumatatu unakabidhiwa funguo, kitabu cha hundi na orodha ya mali. Chuo cha uongozi wa elimu tunacho, ADEM ya Bagamoyo, lakini wengi hukifikia baada ya kukalia kiti kwa miaka, na wengine hustaafu bila kukifikia. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuwalipa walimu wakuu posho ya madaraka ya Sh 200,000 kwa mwezi, jambo jema lililocheleweshwa mno. Ila posho ile ikasindikizwa na maswali yaleyale: anayepokea simu kutoka juu huulizwa kwanza wastani, halafu michango, halafu mwenge. Ataulizwa lini ni watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma hadithi fupi na kuielewa?

Wazazi nao wana sehemu yao, na hapa mwalimu mkuu anaweza mengi asiyoyajua. Kijiji kinachokula uji wa shule kinajua ulitokana na debe la nani. Pale mwalimu mkuu anapobandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, akaitisha mkutano na kusema tulipokea kiasi hiki, tumenunua hiki, kimebaki hiki, mahindi hupatikana hata mwaka wa mvua chache, na mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi hurudi kwa sababu saa nne pana kikombe. Pale anapoficha, hata mwaka wa neema gunia halijai. Mzazi asiyeaminiwa kwa hesabu ya uji hataaminiwa pia kwa neno zito zaidi, na siku atakapoambiwa na mwanawe kwamba majibu yalitolewa darasani, hatajua aende kumwambia nani. Katika Chemba ya 2018 palikuwa na kamati za shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inazitambua. Lakini si kamati iliyopiga kengele.

Waliolipa ni watoto. Mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amekwisha agana na shule, na huenda amekwisha pelekwa Dodoma mjini kwa shangazi au machungani na ng'ombe, aliitwa arudi kukalia mtihani mwingine kwa siku chache za kujiandaa. Yule aliyejisomea kwa haki alirudi na aibu isiyo yake. Yule aliyepewa herufi alirudi mikono mitupu, na yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Miaka saba shuleni, na watu wazima waliomsimamia walipoona hajui, walichomwandalia ni njia ya kuwafanya walio juu wasijue kwamba hajui. Wala hakuwa wa mwisho. Desemba 2022 Baraza lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba kwa udanganyifu na kuvifungia vituo 24, safari hii katika sehemu mbalimbali za nchi.

Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Wengine walinung'unika kwamba ushindani umeuawa. Kwangu ulikuwa uamuzi wa busara, na mwalimu mkuu anayeuelewa anaweza kuutumia kujitetea katika kikao cha tathmini: lete orodha ya watoto wa darasa la tatu wasiosoma, kwa majina, na walimu waliowekwa kuwasaidia, tuzungumze juu ya hiyo. Mkuu wa wilaya atakayeipokea karatasi ya aina hiyo bila kumvua mtu madaraka atakuwa ameziinua shule zake kuliko atakayejenga madarasa kumi.

Na muda hautoshi. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na kwa hesabu hiyo mwaka 2027 makundi mawili yatamaliza kwa pamoja: walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watakuwa la sita, na waliotangulia watakuwa la saba. Kila shule ya Chemba, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na kwingineko itakuwa na watahiniwa maradufu, na simu kutoka juu zitakuwa maradufu vilevile. Walimu wakuu watakaozipokea wameshateuliwa wengi wao, na makundi yao ya WhatsApp ya kata yanafanya kazi kila siku. Maofisa elimu kata wa Dodoma wanaweza kuyatumia kuanzia muhula huu kuulizana jambo moja kila Ijumaa: wiki hii umekaa katika darasa la nani, na umeona nini.